Kambare wa Mei Mosi

Jumapili, 27 Aprili

Ziwani tangu asubuhi. Kambare wanne. Perege hakuna.

Wa kwanza alimeza chambo kabla chubwi halijagusa chini. Wa pili alijiviringisha kwenye mshipi mpaka ikabidi niukate. Wa tatu na wa nne sitaki hata kuwaandika. Ute mkononi, ute kwenye suruali, ute kwenye mpini wa kisu. Nimenawa kwa sabuni mara mbili na bado nanuka tope.

Kwetu Pangani tulikuwa na hongwe. Ni ndugu yake huyu, masharubu yale yale, mdomo ule ule wa kuombaomba. Mvuvi wa mshipi akimpata hongwe anasonya. Chambo kimekwenda, muda umekwenda, na asipoangalia na usingizi utakwenda, kwa sababu hongwe ana miiba yenye sumu. Baba alikuwa anamkanyaga kwa kandambili, anaivunja miiba kwa koleo, ndipo anaitoa ndoana. Tulitaka changu, tasi, kolekole. Hongwe alikuwa mkosi tu.

Nimetoka baharini nikaja kuishi milimani, mahali ambapo chumvi inapatikana dukani peke yake, na mkosi umenifuata.

Ambokile kawachukua wote wanne. Huyu jirani yangu ana migomba na ng'ombe wake wawili, angeweza kukaa kwake akatulia. Lakini Jumapili akitoka kanisani ananifuata ziwani, si kuvua, ni kukaa kwenye jiwe kungoja nikasirike. Leo aliwatunga samaki wangu kwenye kamba ya mgomba huku anacheka. "Mwalimu, wewe endelea kuwachukia, mimi niendelee kuwala. Kasi nsuli hii." Herufi z haijawahi kupita mdomoni mwake na haoni imempunguzia nini.

Mama Subilaga, mwenye nyumba wangu, alikuwa ameshaweka limau mezani. Ni Msabato. Samaki asiye na magamba haingii jikoni kwake hata akiwa ndani ya mfuko. Kwa hiyo tunamchukia kambare sote wawili, mimi kwa ajili ya ndoana zangu, yeye kwa ajili ya Biblia. Tumekula ndizi na maharage.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki. Nimefundisha vipindi vyote na shati bichi mgongoni.

Mratibu wa elimu kata kaleta kitambaa cha bango la Mei Mosi. Niandike mimi. Kila mara ni mimi. Mabango, vyeti, majina kwenye milango ya ofisi, hata msalaba wa kaburi la mama yake mwalimu mkuu, nikauandika mimi Mwislamu na hakuna aliyelalamika. Sina cheo. Sina sauti ya kuimba. Nina mwandiko. Siku ya kwanza nilipoandika ubaoni hapa Masukulu darasa zima lilinyamaza, na mimi nilijifanya sijaona. Kwa kweli niliona. Nilifurahi mpaka jioni.

Nimeandika herufi nyekundu, nikazizungushia nyeusi. Mkono haukutetemeka hata mara moja.

Mke wangu Zuhura kapiga simu. Watoto wazima. Anauliza habari ya uhamisho wangu kama mtu anayeuliza habari ya mgonjwa, polepole, akiogopa jibu. Bado. Kila siku bado.

Ndoana alizonitumia Baba kutoka Tanga zimekwisha. Imebaki moja. Za dukani hapa zinanyooka kama pini.

Alhamisi, 1 Mei

Sherehe uwanja wa kata. Bango lilipendeza. Nililiangalia likipita, nikaondoka kabla ya hotuba.

Ziwani. Maji yametulia, ukungu juu ya miti, baridi. Nikafunga ndoana ya Baba. Nyungunyungu mnene. Nilikuwa na hakika leo ni perege. Mshipi ukavutwa mara moja, kwa nguvu, nikajua hata kabla sijamwona. Perege hudokoa. Kambare hupokonya.

Mkubwa. Mrefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Ameimeza ndoana yote, haionekani. Ambokile alikuwa kwenye jiwe lake. "Ukate nshipi, mwalimu." Ilikuwa rahisi tu. Kukata, kwenda nyumbani. Lakini ilikuwa ndoana ya mwisho na nilikuwa nimeshachoka kushindwa na samaki wa matope. Sikumkanyaga. Sikuvunja mwiba. Koleo lipo kwenye mfuko, sikulitoa. Nilimshika kichwa kwa mkono wa kushoto na kuingiza kidole cha shahada cha kulia kinywani kufuata mshipi. Akajipindua. Akautanua mwiba wa pezi la ubavuni na ukaingia kwenye kidole, karibu na kiganja, mpaka nikasikia umegusa mfupa.

Nilimpiga jiweni mpaka Ambokile akasema basi, ameshakufa. Damu nyingi. Maumivu yakapanda mpaka kwapani.

Dawa yake naijua tangu sijaenda shule. Baba alichomwa na hongwe mara ngapi. Unatia mkono kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilia tu, na sumu inakufa. Kila mtu Pangani anajua. Nimefika nyumbani nikaomba birika la Mama Subilaga. Nikauzamisha mkono kwenye beseni, nikauma meno. Baada ya muda maumivu yakakatika kabisa, kama umeme unavyokatika hapa.

Nimemwambia Ambokile sisi tumezaliwa na miiba, asiwe na wasiwasi. Yeye kaondoka na kambare. Ndoana bado iko tumboni mwa samaki. Nimechukia sana kwa ajili ya ndoana.

Naandika haya kwa mkono ule ule. Hata mwandiko haujabadilika.

Ijumaa, 2 Mei

Kidole kimevimba kidogo. Ni kawaida. Maji ya moto tena asubuhi. Nimekifunga kitambaa, nikakaza.

Shuleni mwalimu mkuu kauliza, nikamweleza juu ya hongwe na maji ya moto, walimu wote wakasikiliza. Nilinogesha kidogo. Nilijisikia mtu muhimu.

Jumamosi, 3 Mei

Kidole hakinyooki. Kimejikunja na kugoma. Nikikinyoosha kwa mkono mwingine naona nyota.

Maji ya moto zaidi. Safari hii nimezidisha, ngozi imetoka malengelenge. Maumivu yalipungua. Kwa hiyo sumu bado ipo na bado inakufa. Ndivyo ninavyoelewa.

Mama Subilaga karudi kutoka kanisani, kauona mkono. Akaweka Biblia yake juu ya meza kwanza. "Mwalimu, nenda sahanati." Nimemwambia zahanati watanipa dawa ya kutuliza maumivu na mimi maumivu ninayatuliza mwenyewe. Baadaye Ambokile akaja na yeye akasema zahanati. Nikamuuliza kama amewahi kuiona bahari. Akasema hapana. Nikasema basi.

Haikuwa lazima kumjibu vile. Nilikuwa na homa kidogo.

Jumapili, 4 Mei

Sikwenda ziwani. Siku nzima kitandani na blanketi mbili na baridi hailegei.

Kiganja kimejaa. Mistari yote ya kiganjani imepotea, kimekuwa laini na kinang'aa. Kidole chekundu, chini yake kuna kama njano. Kinapigapiga. Kila nikitulia nakisikia kinapiga.

Kalamu naishika kwa vidole viwili vya mwisho. Mwandiko unaonyesha.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwenda shule kwa sababu nikikaa nyumbani nafikiri. Darasa la tano, hesabu za sehemu. Nimeandika namba ya kwanza, chaki ikaanguka. Nikaiokota ikaanguka tena. Mwanafunzi mmoja akacheka, wenzake wakamkodolea macho akanyamaza. Ningependa wangecheka wote. Nimeandika kwa kushoto. Mstari ukashuka mpaka pembeni ya ubao.

Mwalimu mkuu kanirudisha nyumbani. Sikubisha.

Kuna mstari mwekundu ndani ya mkono, kutoka kwenye kiwiko kwenda juu. Jana haukuwepo. Sijamwambia mtu. Naogopa.

Jumanne, 6 Mei

Kushoto. Samahani mwandiko.

Namwomba nani samahani. Hakuna anayesoma.

Asubuhi nilitapika. Mama Subilaga hakuuliza, aliita bodaboda mwenyewe, akanifunga khanga yake shingoni, mkono ukaning'inia. Mvua njia nzima mpaka Tukuyu. Kila shimo nililia. Kijana wa boda alisema pole mwalimu pole mwalimu mpaka nikamwambia anyamaze. Ambokile alifuata na boda ya pili. Sindano ya pepopunda. Dripu. Wamenilaza.

Jumatano, 7 Mei

Wamekipasua. Wametoa usaha. Wametoa na ncha ya mwiba. Daktari kanionyesha juu ya pamba. Nyeusi, ndogo kuliko punje ya mchele, ina meno kama msumeno. Muda wote ule nilikuwa naichemsha ikiwa ndani.

Daktari ni binti wa Mwanza, mpole, anakunja mikono ya koti kwa sababu ni refu. Nimemweleza juu ya hongwe. Alisikiliza mpaka mwisho. "Hongwe simjui, mwalimu. Huenda kwake maji ya moto yanafaa. Kambare nimekua nikimla. Yeye hana sumu ya namna hiyo, mwiba wake unaingiza uchafu wa matope. Maji yalikuondolea maumivu, uchafu ukabaki unaendelea na kazi."

Alisema bila kunisuta. Afadhali angenisuta.

Ijumaa, 9 Mei

Nina muda mwingi sasa, naweza kuandika polepole. Herufi moja moja, kama darasa la kwanza.

Wodi ina madirisha makubwa na yote yanaonyesha mvua. Kitanda cha jirani kuna mkulima wa viazi kutoka Isongole, mguu umefungwa vyuma. Anageuka ukutani kila wanapoleta chakula. Mimi chakula nalishwa na Mama Subilaga, amepata pa kulala kwa ndugu yake hapa mjini. Kushoto sijazoea, na hata kama ningezoea, tumefundishwa kushoto si mkono wa kulia chakula. Najua mgonjwa husamehewa. Bado naona haya. Anatia kijiko cha uji mdomoni mwangu na kutazama pembeni ili nisione kwamba ananiona.

Homa haijashuka. Kidole kimekuwa cheusi kuanzia pale kwenye jeraha kwenda kwenye ncha. Hakiumi tena. Nilifurahi kwamba hakiumi, nikamwambia nesi. Nesi akaenda kumwita daktari.

Daktari kakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kidole kimekufa, kasema. Kikiachwa kitaondoka na kiganja, na kiganja kikiondoka mkono utakuwa shakani, na kuna watu huondoka wao wenyewe kabisa. Anataka kukikata leo.

Nimekataa.

Nimesema nisubiri dawa zifanye kazi. Kasema dawa haziingii mahali pasipo na damu. Nimesema nisubiri hata hivyo. Nimesema ni mkono wa kuandikia. Kasema anajua, ndiyo maana anataka kuuokoa. Ana akili. Nimemchukia kwa kuwa na akili.

Jioni Baba kapiga simu, Zuhura kamwambia. Sauti yake kubwa, watu wa baharini huongea kama wanashindana na upepo hata wakiwa chumbani. "Ulitia maji ya moto?" Nikasema nilitia. "Basi utapona, mwanangu. Hiyo ndiyo dawa yake." Nikasema ahsante Baba. Akaniuliza kama huyo kambare ana ukubwa gani, nikamwambia, akaguna kwa heshima.

Sikumsahihisha. Sitamsahihisha. Abaki na maji yake ya moto.

Jumamosi, 10 Mei

Kiganja kimeanza kuiva upande wa kidole gumba. Harufu. Nilifikiri ni ya wodi, kumbe ni yangu.

Ambokile kaja, kavaa koti lake la kanisani. Kaleta ndizi mbivu na kitu kidogo kilichofungwa kwenye karatasi. Ndoana. Alimpasua kambare usiku ule ule akaikuta tumboni, akaisafisha kwa majivu. Inang'aa. Ina afya kuliko mimi.

Halafu hakuondoka. Alikaa akizungusha kofia mikononi. Mwisho kasema, kwa sauti ya chini, kwamba alipokuwa anamsafisha yule samaki aliona mwiba mmoja hauna ncha. Alidhani umevunjikia jiweni nilipokuwa nampiga. Akautupa. Jumamosi alipokuja kuniona alitaka kulisema, nikamuuliza habari ya bahari. "Nikaona mwalimu anajua, mimi sijui. Nikanyamasa." Machozi yakawa yanamtoka naye anaendelea kuzungusha kofia.

Nilitaka kumtukana. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Jumamosi ile alikuja na miguu yake mpaka mlangoni kwangu, na ni mimi niliyemfunga mdomo. Nimemwambia achukue ndoana, akavulie. Akasema havui. Ni kweli, havui.

Mama Subilaga akaanza kuomba, kwa Kinyakyusa, polepole. Sikuelewa ila Kyala, Kyala, yaani Mungu. Mkulima wa viazi akageuka kutoka ukutani, akaitikia amina. Ndiyo mara ya kwanza nimeisikia sauti yake.

Saa kumi nimempigia Zuhura mwenyewe. Nilikuwa nimepanga maneno. Nimesema nikitolewa kidole hicho siwezi kuandika tena, na bila mwandiko mimi ni mwalimu kama mwingine yeyote, na uhamisho nao, nani atamtaka mwalimu kilema. Nilisema mengi. Alisubiri nimalize. Halafu akasema, "Bakari, mimi nataka mume. Kidole sikuolewa nacho. Mwambie daktari aje."

Nimemwambia daktari aje.

Jumapili, 11 Mei

Wamekata. Nilikuwa macho, mkono tu ndio ulikuwa umekufa ganzi toka begani. Niliangalia ukutani. Sauti nilisikia. Sitaiandika.

Jumanne, 13 Mei

Wamekitoa chote mpaka kwenye kiganja, na nyama kidogo ya kiganja pembeni. Mkono umefungwa, umetundikwa kwa kamba kwenye chuma cha dripu ili damu ishuke. Nalala chali kama mtu anayeomba ruhusa darasani.

Homa imeshuka. Daktari anasema mkono umepona, yaani hautaondoka. Kasema neno "bahati". Nimelifikiria neno hilo siku nzima na sijapata pa kuliweka.

Kidole kinawasha. Hakipo na kinawasha.

Ijumaa, 16 Mei

Zuhura kafika. Siku mbili barabarani, mtoto mdogo mgongoni. Aliingia wodini na baridi ya Tukuyu imemkauka usoni. Alimsalimia Mama Subilaga kwanza, akapiga goti, akamshika mikono yote miwili. Halafu akaja kwangu. Hakuutazama mkono. Akaniuliza nimekula nini.

Mama Subilaga kamwachia kijiko. Kamwambia mimi sipendi uji wa moto sana. Walikuwa wanaongea juu yangu kama mafundi wanaokabidhiana kazi. Nililia, wakaniacha nilie.

Jumanne, 20 Mei

Nimerudi Masukulu. Mkono kwenye kitambaa. Watu njiani wanainua mkono kunisalimia kwa mbali, wanakumbuka, wanaushusha.

Mwalimu mkuu kaja. Nipumzike mpaka muhula uishe. Baadaye tutaona. Kasema "tutaona" mara tatu. Kikao cha wazazi kinakuja, bango ameandika mwalimu wa michezo. Kaniomba nisilitazame. Alikuwa anatania, au nusu anatania. Nililiona lilipopita kwenye bodaboda. Herufi zimebanana mwishoni, neno "wazazi" limekosa nafasi, limepanda ukingoni. Wivu umenishika. Kumwonea wivu mwandiko mbaya namna ile.

Ijumaa, 23 Mei

Nafanya mazoezi ya kushoto. Ukurasa mzima wa a. Mkono unachoka kwenye bega, si vidoleni, sijui kwa nini. Herufi zinaangukia nyuma. Zuhura anasema zinasomeka. Ndiyo, zinasomeka. Maandishi ya kwenye gunia la mbolea pia yanasomeka.

Nimemfokea bila sababu. Alikuwa ananifunga vifungo vya shati, nikasema naweza. Siwezi. Akangoja mpaka niliposhindwa, akavifunga.

Ambokile hapiti tena mbele ya nyumba. Anazunguka kwenye migomba. Nilimwona mgongo tu. Nilitaka kumwita, nikaingia ndani.

Nawachukia kambare. Nimeandika hapa niitazame sentensi yenyewe. Ni kweli na haisaidii chochote. Samaki yule alikuwa anakufa, akajitetea kwa alichokuwa nacho. Ningekuwa mimi ningefanya vile vile. Lakini nawachukia.

Jumapili, 25 Mei

Jua leo. Zuhura kaanika magodoro yote, mpaka la Mama Subilaga.

Bandeji imebadilishwa, ni nyembamba sasa. Kamba ya shingoni wamesema naweza kuivua nikiwa nimekaa. Tangu Jumanne ile ya boda nasali kwa ishara tu, nimelala au nimeegemea, mkono umefungwa kifuani. Leo adhuhuri nilimwomba Zuhura anitilie udhu. Alimimina, nikanawa kwa kushoto, kulia nikapangusa maji juu ya bandeji. Akanitandikia mkeka, akaenda kumalizia mboga.

Nilisimama. Nikarukuu. Kusujudu niliogopa nitauegemea mkono, nikautanguliza ule mzima. Niliweza. Nilifurahi kwamba niliweza.

Nikakaa attahiyatu ya mwisho, kikao cha kumalizia sala. Mikono juu ya mapaja. Nikasoma taratibu kwa sababu sikuwa na haraka, nikafika kwenye shahada, na nikakiinua kidole kama nilivyokiinua tangu Baba aliponifundisha. Nilikisikia kikiinuka. Kikanyooka vizuri, bila maumivu, kikasimama pale pale kinaposimama siku zote.

Nikatazama chini. Bandeji ilikuwa imelala juu ya paja, haijatikisika.

Nikamaliza yaliyobaki, nikatoa salamu kulia, nikatoa na kushoto. Zuhura aliuliza kutoka jikoni kama apakue. Nikasema apakue.